Kiti chembamba, nauli nene: jibu kwa dada wa Mwanza anayempeleka mama Toronto

*Swali la msomaji:* "Habari za kazi. Nimerudi Mwanza wiki iliyopita kutoka Toronto, nilikokwenda kwa siku kumi kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilikata tiketi ya daraja la kawaida na nikapangiwa kiti cha katikati kwenye ndege zote mbili za safari ndefu. Aliyekaa mbele yangu alilaza kiti mpaka nikashindwa hata kula. Tulipopiga soga na jirani yangu, nikagundua nauli yake ilikuwa karibu nusu ya yangu. Sanduku langu lenye gauni la harusi lilifika siku ya nne, harusi imeshapita. Ilibidi ninunue gauni jingine. Sasa mwezi Desemba nampeleka mama. Ana miaka 68, ana presha, na miguu yake huvimba. Je, mashirika haya yanaruhusiwa kutufanyia hivi? Na nifanye nini ili mama asipitie niliyopitia mimi?"

*Jibu:*

Pole sana dada, na mfikishie mama shikamoo yangu. Nitaanza na sanduku, ingawa wewe umelitaja mwishoni, kwa sababu hilo lina siku zinazohesabika na zinazidi kuyoyoma.

Tanzania na Kanada zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, ndio unaotawala safari kama yako. Chini ya mkataba huo shirika lililochelewesha mzigo hulipa hasara uliyoipata, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya kila lililowezekana kuizuia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha malipo hayo ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takriban dola 2,000 za Marekani. Sharti ni kwamba uandike malalamiko ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa mzigo. Zikipita, dai lako limekufa. Ukipiga hesabu ya siku zako, bado umo ndani, lakini usilale.

Wengi hupotezea hapa: wanadhani ile fomu waliyojaza uwanjani, yenye herufi PIR na namba yake, ndiyo dai lenyewe. Fomu ile inathibitisha tu kwamba mzigo haukufika. Dai la fedha unaliandika mwenyewe. Tuma barua pepe leo kwa shirika lililokufikisha Toronto, ambatisha nakala ya PIR, tiketi, kile kipande cha lebo ya mzigo, na risiti ya gauni ulilonunua pamoja na vitu vingine ulivyolazimika kununua siku zile nne. Taja kiasi unachodai kwa tarakimu. Barua inayoeleza uchungu bila kutaja kiasi hujibiwa kwa maneno ya pole, basi. Jiandae pia kuambiwa kwamba watalipa sehemu tu ya bei ya gauni kwa kuwa umebaki nalo. Wajibu kwamba ulikuwa na gauni, lilikuwa mikononi mwao, na harusi haikuweza kulisubiri. Ambatisha kadi ya mwaliko yenye tarehe. Wakikataa au wakinyamaza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina baraza la watumiaji wa huduma linaloitwa TCAA-CCC, na kazi yake ni kusikiliza wasafiri. Mahakamani una miaka miwili.

Sasa swali lako kubwa: je, wanaruhusiwa?

Kuhusu ukubwa wa kiti, jibu ni ndiyo, wanaruhusiwa, na hili watu wengi hawaliamini mpaka walione. Sheria za usalama zinadai kwamba ndege ikijaa, watu wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Zinadai kiti kihimili mshtuko. Hazisemi goti lako lipewe inchi ngapi. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, iweke kipimo cha chini cha kiti. FAA ikafanya majaribio ya watu kutoka ndani ya ndege, ikakusanya maoni ya wananchi mwaka 2022, na bado kipimo hakikutoka. Wakati huohuo umbali kati ya kiti na kiti, ambao miaka ya 1970 ulikuwa kwenye inchi 34 au 35, leo ni inchi 31 au 32 kwenye ndege nyingi za safari ndefu, na kwenye baadhi ya mashirika ya nauli za chini unashuka hadi 28.

Upana nao umeliwa, tena kimyakimya zaidi. Boeing 777 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mpangilio uliozoeleka wa daraja la kawaida ulikuwa viti tisa kwa safu. Ndege haijaongezeka unene hata inchi moja, lakini leo mashirika mengi yamepachika viti kumi. Boeing 787, ile wanayoiita Dreamliner, Boeing yenyewe ilifikiria viti vinane kwa safu. Karibu dunia nzima imeweka tisa, na Japan Airlines ni miongoni mwa wachache mno waliobaki na vinane kwenye safari zao za kimataifa. Na hata mashirika mawili yenye ndege ya aina ileile hayapangi sawa. Tazama kwetu hapa: Dreamliner ya Kenya Airways ina viti 234, thelathini vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Dreamliner ya Air Tanzania ya ukubwa uleule ina viti 262, ishirini na viwili vya biashara na 240 vya kawaida. Tofauti hiyo imepangwa ofisini, kwa karatasi na kikokotoo.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe vizuri, kwa sababu ndilo jibu la swali lako zima. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa aitwaye Jules Dupuit aliandika juu ya reli za nchi yake. Mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa hayana paa na viti vyake vilikuwa mbao tupu. Watu walidhani kampuni ni bahili. Dupuit akasema hapana, paa lisingegharimu kitu cha maana. Behewa linaachwa wazi ili mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asithubutu kupanda la tatu. Maskini ananyeshewa ili tajiri aogope mvua.

Nimeshughulika na tiketi muda mrefu na sijasoma maelezo yanayoieleza ndege ya leo vizuri kuliko hayo. Sikatai kwamba biashara yenyewe ni ngumu: IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, mwaka 2025 kilikadiria kwamba shirika kwa wastani hubakiwa na takriban dola 7 tu za faida kwa kila abiria. Viti vya mbele ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya mapato ya safari ndefu, na ili mtu akubali kulipa mara tatu au nne akakae mbele, ni lazima nyuma pawe na sababu ya kukimbia. Kwa hiyo nauli ya chini kabisa inanyimwa haki ya kuchagua kiti, inanyimwa kubadilisha tarehe, pengine inanyimwa hata sanduku. Baadhi ya hayo hayaligharimu shirika chochote cha maana. Kukuruhusu uchague kiti 34C cha pembeni mwa ujia badala ya 34E cha katikati hakuongezi mafuta wala mshahara. Unanyimwa ili ulipie. Kiti chako cha katikati, dada, hakikukuangukia kwa bahati mbaya.

Na jirani yako aliyelipa nusu? Yeye na wewe mlikaa kwenye viti vilivyo sawa lakini mlinunua vitu tofauti. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli mwaka 1978, mashirika yalianza kushindana kwa bei, na mwaka 1985 American Airlines, likipigana na shirika la bei rahisi la People Express, lilifanya jambo lililobadilisha dunia: liliuza baadhi ya viti kwa nauli ya chini sana yenye masharti makali, na likatumia kompyuta kukisia ni viti vingapi viwekwe akiba kwa wanaochelewa kununua, ambao kwa kawaida wana dharura na hawabishani bei. Leo mashirika yote yanafanya hivyo. Viti vya daraja moja vimegawanywa katika mafungu, kila fungu lina herufi yake, na fungu la bei ya chini likiisha mfumo unahamia la juu yake. Angalia tiketi yako, karibu na namba ya safari utaona herufi moja, labda Y, M, K au Q. Hiyo ndiyo nauli uliyonunua. Yaelekea jirani yako alinunua mapema, au alianzia nchi nyingine ambako bei hupangwa kivyake, au alikubali masharti ambayo wewe hukuwekewa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Uwezo wako uko katika kujua herufi hiyo kabla ya kulipa: mwulize wakala nauli hii ni ya fungu gani, inabadilishwa kwa shilingi ngapi, inarejeshwa au la, na je, kiti kimo. Wakala anayekujibu "ni ikonomi tu" hajakujibu.

Tuje kwa mama.

Tarehe kwanza. Desemba ndugu zetu walioko ughaibuni wanarudi nyumbani na watalii wanashuka kwenda Zanzibar na Serengeti, kwa hiyo ndege zinazokuja kwetu ndizo zinazofurika. Mapema Januari mafuriko yanageuka kuelekea kaskazini. Nyinyi mnakwenda kinyume na umati. Mkiondoka ndani ya wiki mbili za kwanza za Desemba, kabla watu wa Kanada wenyewe hawajaanza kusafiri kwa ajili ya Krismasi, mara nyingi mtapata mafungu ya bei nafuu bado yapo, na viti vya kupumulia pia.

Njia ya pili ya kumwokoa mama ni aina ya ndege, na hili abiria wetu hawaliulizi kabisa. Ukitafuta safari kwenye mtandao, chini ya muda wa kuondoka kumeandikwa aina ya ndege. Airbus A330 hupangwa viti viwili, vinne, viwili. Maana yake wewe na mama mnapata viti viwili vyenu peke yenu upande wa dirisha, hakuna mgeni wa kumruka mkienda chooni. Kwa watu wawili sijui mpangilio ulio bora kuliko huo kwenye daraja la kawaida. Airbus A350 yenye viti tisa kwa safu hutoa kiti cha karibu inchi 18. 777 yenye viti kumi na 787 yenye tisa hutoa karibu 17. Inchi moja inasikika ndogo mpaka uikalie saa 14, na saa 14 ndizo zinazotumika kutoka Dubai hadi Toronto. Ingia tovuti ya AeroLOPA, tafuta shirika na ndege, utaona ramani halisi ya viti ilivyo, safu kwa safu, pamoja na vyoo.

Kwenye ndege za viti tisa au kumi mimi ningekata viti viwili vya pembeni mwa ujia, mama huku na wewe ng'ambo ya ujia. Mnaonana, mnaongea, na kila mmoja anasimama bila kuomba ruhusa. Epuka safu ya mwisho, kwa kawaida viti vyake havilali na foleni ya choo inasimama juu ya kichwa chako. Safu ya mlango wa dharura usiifikirie; pale hukaa mtu mwenye nguvu za kusaidia kufungua mlango, na mama hataruhusiwa. Kulipia uchaguzi wa kiti kunauma, najua, lakini kwa mama wa miaka 68 ningelipa hiyo kabla ya kulipa kitu kingine chochote.

Kuhusu miguu yake, usichukulie kijuujuu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Kwa watu wazima wenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000, lakini inapanda kwa mtu mnene, kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa aliye mrefu kupita mita 1.90, na kwa aliye mfupi chini ya mita 1.60. Huyu wa mwisho hushangaza watu. Miguu yake haifiki sakafuni vizuri, basi ukingo wa kiti unambana nyuma ya goti muda wote. Kama mama ni wa kimo hicho, weka begi dogo laini chini ya nyayo zake ndege ikishatulia angani. Mpeleke kwa daktari wake wiki kadhaa kabla, amwone presha na ile miguu, aamue kama anafaa soksi za kubana na ampime saizi yake, kwa sababu soksi isiyomwenea inaweza kudhuru. Aspirini asimeze kwa ushauri wa jirani. Dawa zake zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi kufikiria lile sanduku lako la siku nne, utaelewa kwa nini nasisitiza.

Hewa ya ndani nayo ina mchango. Shinikizo la hewa katika ndege nyingi linalingana na kuwa kwenye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi. Kwenye 787 na A350 ni kama mita 1,800, yaani juu kidogo tu ya Mbeya mjini, na unyevunyevu wa hewa ni mwingi kidogo. Mtu mzima mwenye presha analihisi hilo kwa uchovu akishuka. Anywe maji mara kwa mara, asimame kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na akunje na kukunjua vifundo vya miguu akiwa amekaa.

Chakula hakinisumbui sana. Ladha ya chumvi na sukari hufifia angani, ndiyo maana kila kitu kinaonekana hakina kitu. Ila kama mama ana mlo maalumu wa kisukari au mlo wa Kiislamu, uombwe angalau siku moja au mbili kabla. Tena wanaoomba mlo maalumu kwa kawaida huhudumiwa kabla ya wengine.

Muombee mama kiti cha magurudumu, hata kama anatembea vizuri hapa nyumbani. Viwanja vya kuunganishia ndege ni virefu, na huduma hiyo ni bure. Wazee wetu hukataa kwa kuona ni kujidhalilisha. Mweleze kwamba anayesukumwa hupitishwa haraka kwenye ukaguzi na hapotei. Kwenye tiketi huandikwa WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, na WCHS kwa asiyeweza ngazi. Chagua ya kweli, kwa sababu ndiyo inayoamua kama atashushwa kwa ngazi au kwa kifaa cha kunyanyulia.

Kuhusu anayelaza kiti: kitufe kile ni haki ya aliyekikalia kiti, na hakuna sheria ya kumzuia, isipokuwa wakati wa kupaa na kutua. Wakati wa chakula desturi ni kiti kiinuliwe. Usigombane naye wala usisukume kiti kwa goti. Mwite mhudumu, mwambie kwa utulivu kwamba mama hawezi kula, naye atamwomba. Mara nyingi inatosha.

Jua pia haki zenu kwa njia mtakayopita. Kanada ina kanuni za kulinda abiria tangu 2019, na zinahusu safari za kwenda na kutoka huko hata kwa shirika la nje. Shirika kubwa likikunyima nafasi kwa sababu liliuza tiketi kuzidi viti, unalipwa dola za Kanada 900 hadi 2,400 kulingana na ulivyochelewa kufika. Likichelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lililo ndani ya uwezo wake na lisilohusu usalama, ni 400 hadi 1,000. Dai ndani ya mwaka mmoja. Mkipitia Ulaya, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inawalinda mkiwa mnaondoka huko kwa shirika lolote, na mkiwa mnaelekea huko kwa shirika la Ulaya. Kwa safari za kupita kilomita 3,500 fidia yake hufika euro 600. Mkipitia Ghuba, kanuni hiyo ya Ulaya haiwahusu. Ningeitia hilo kwenye mizani pamoja na bei, na pamoja na ukweli kwamba kupitia Ulaya kunaigawa safari karibu nusu kwa nusu, jambo jema kwa miguu ya mama. Hakikisheni tu masharti ya viza ya kupita kabla hamjalipa.

Mwisho, ile safari ya Mwanza hadi Dar. Usiikate peke yake ili kuokoa elfu kadhaa. Tiketi zikiwa mbili, ndege ya Mwanza ikichelewa na ya kimataifa ikaondoka, hakuna anayewajibika kwenu na nauli yote inaweza kupotea. Zikiwa kwenye tiketi moja, shirika linalazimika kuwatafutia njia nyingine. Kama haiwezekani kuziunganisha, mshuke Dar siku moja kabla, mlale kwa ndugu.

Wakala akishamaliza, mwombe akuchapishie karatasi ya uhifadhi wa nafasi na usome pale pale dirishani: namba za viti vyenu kwa kila ndege, WCHR kwenye jina la mama, mlo wake, uzito wa mizigo, na herufi ya nauli. Akikuambia hayo mengine mtayamaliza uwanjani, usimlipe. Nenda kwa wakala mwingine.